Keki ya stroberi na forosadi inabonyea katikati, nipo Uyole. Naombeni msaada kabla ya ubarikio

BintiUyole

Habari za jioni wapendwa, na shikamooni wakubwa mliomo humu.

Naoka keki za oda hapa Uyole, Mbeya. Nyingi ni zile za kila siku: vanila, ndizi, karoti, na ile ya rangi mbili ya watoto. Zinatoka salama na wateja wanarudi. Sasa kuna mama mmoja wa usharika wetu, aliwahi kuishi Ujerumani na mumewe, binti yao anabarikiwa mwezi wa kumi na mbili. Huyu mama hataki aisingi ya marangirangi. Anataka keki ya matunda, na si ya zabibu kavu. Matunda mabichi ya msimu, "kama tulizokuwa tunakula kule mwezi wa sita na wa saba, nje, chini ya mti." Akanitumia resipi kwenye simu, imejaa stroberi, rasiberi na vingine ambavyo hata picha yake sikuielewa.

Rasiberi nimezunguka Mwanjelwa nzima, nimeishia kuulizwa kama ni dawa. Stroberi nimepata kwa dada anayelima kwenye viroba nyuma ya nyumba yake. Forosadi zipo kwa jirani, mti umeinamia kwetu, za mwisho mwisho hizi, watoto wangu mashati yote ya shule yana madoa.

Nimefuata vipimo kwa gramu, mizani ninayo: unga 225, siagi 225, sukari 225, mayai manne, beking pauda vijiko viwili vya chai, magadi nusu kijiko, maziwa kidogo, matunda gramu 400. Oveni ya gesi, nyuzi 180. Keki inapanda kwa mbwembwe mpaka inavuka ukingo wa chombo, halafu dakika za mwisho inabonyea katikati. Ukikata, matunda yote yamelala chini, juu yake kuna tabaka bichi linalong'aa. Stroberi zimepauka, zimelegea, hazina hata ladha ya stroberi. Na forosadi ndiyo kituko chenyewe: kuzunguka kila tunda keki imekuwa ya kijani! Mwanangu mdogo akaniuliza mama hii imeota ukungu?

Shida ni oveni, ni matunda, ni resipi, au ni nini? Na kuna tunda la kwetu naweza kubadilishia? Mteja ameshalipa nusu.

Kijana wa Ilala

Weka zabibu kavu, funika na krimu, waambie ni ya Ujerumani. Kazi imeisha 😂

BintiUyole

Kaka, huyo mama ndiye mwenyekiti wa kina mama. Nikimdanganya nitajadiliwa kwenye kikao.

Jiko la Kinondoni

Dada pole. Resipi kama hiyo mimi naitumia hapa Dar kila mara, hainisumbui. Makosa ni mawili. Unafungua mlango wa oveni mapema, hewa baridi inaingia, keki inashtuka. Pili, matunda hujayapaka unga. Yapake unga mkavu kwanza ndiyo uyachanganye, hayatazama. Resipi haina tatizo, usiibadilishe.

Bibi wa Oveni

Kamwene wote. Binti, marahaba.

Mimi nipo Njombe. Nimeoka kwenye nyumba ya wageni ya misheni mpaka nikastaafu, sasa naokea wajukuu, na harusi za watu nisioweza kuwakatalia. Wageni wetu wengi walikuwa Wajerumani, kwa hiyo hiyo keki anayoitamani mteja wako naijua kwa jina na kwa sura. Nitaandika kirefu, mwenye haraka apite.

Naanza na huyo wa Kinondoni. Mlango wa oveni kasema kweli, usiufungue kabla keki haijashika. Lakini kusema resipi isibadilishwe, hapo hapana. Yeye anaokea usawa wa bahari. Mbeya mjini mpo kama mita 1,700 juu, sisi Njombe tumewapita. Huku kwetu hewa inakandamiza kwa nguvu ndogo kuliko pwani, kwa hiyo gesi inayotoka kwenye beking pauda inatanuka kupita kiasi. Keki inapanda mbio kabla unga na mayai havijapata nguvu ya kuishika, inakuwa ghorofa lisilo na nguzo. Wewe mwenyewe umesema ilivuka ukingo kwanza ndipo ikabonyea. Mara nyingi hiyo ndiyo dalili ya beking pauda kuzidi, na kijiko kisichozidi Kinondoni kinaweza kuzidi Uyole.

Unajiuliza mbona vanila yako haianguki. Nani alikufundisha kuipika? Nina hakika ni mtu wa huku huku, na vipimo vyake vilishanyooshwa zamani bila yeye kusema ni kwa sababu gani. Hii ya kwenye simu imekuja moja kwa moja kutoka kwa wenye bahari yao.

Kwa mwinuko wetu fanya hivi. Kila kijiko kimoja cha beking pauda toa robo yake. Sukari punguza, maana sukari nyingi inachelewesha keki kushika, na matunda yana utamu wake. Unga ongeza kidogo. Moto ongeza nyuzi kama kumi ili keki ishike mapema. Magadi usiweke kabisa.

Na magadi hayo ndiyo yaliyokuletea ukungu wa mwanao. Rangi ya forosadi haina msimamo. Ikikutana na kitu kichachu inabaki nyekundu, ikikutana na magadi inaenda kwenye bluu na hatimaye kijani. Usiniamini mimi: ponda forosadi kwenye visosa viwili, kimoja kamulia limao, kingine nyunyiza magadi, uone mwenyewe. Haidhuru mtu, lakini nani atakata keki ya kijani siku ya ubarikio? Badala ya maziwa tumia mtindi. Ule uchachu unailinda rangi, na keki inakuwa laini.

Sasa stroberi. Hapa nitakuwa mkali. Stroberi HAIOKWI. Sehemu tisa katika kumi za tunda lile ni maji. Ukiliingiza kwenye moto maji yanatoka, yanalowesha keki, na kinachobaki ni kitambaa kisicho na rangi. Lile tabaka bichi uliloliona ni keki iliyopikwa ndani ya maji ya stroberi zako. Najua mitandaoni wanazioka na picha zinapendeza. Picha hazili mtu.

Wajerumani wenyewe keki yao ya stroberi hawaitii stroberi ndani. Wanaoka keki nyembamba peke yake, yenye ukingo mdogo, wanaiacha ipoe. Wengine wanapaka krimu ya maziwa na mayai ya kupikwa. Wanapanga stroberi mbichi juu zikiwa zimebanana, halafu wanamwagia rojo jekundu linaloganda na kung'aa. Ndiyo hiyo inayoliwa chini ya mti mwezi wa sita. Wanayoitia matunda ndani na kuiingiza motoni ni kama ile ya plamu, ukifika mwisho wa kiangazi chao, mwezi wa nane na wa tisa. Sasa angalia baraka uliyonayo: kwetu Desemba plamu zinaingia sokoni na stroberi bado unapata. Vitu ambavyo kule vinapishana, wewe unaviweka kwenye keki moja. Plamu na forosadi ndani, stroberi juu. Huyo mama akiiona hatauliza resipi ilisemaje.

Hilo la kupaka matunda unga nimelisikia tangu nikiwa msichana. Linasaidia kidogo sana. Rojo la keki likiwa jepesi, hata umpake unga mwenye duka, atazama. Kinachoshikilia tunda ni rojo zito na tunda dogo. Kata plamu vipande vidogo, mimina theluthi moja ya rojo isiyo na tunda chini kwanza, iliyobaki ndiyo uchanganye na matunda. Matunda gramu 400 kwa unga 225 nayo ni mengi mno, hiyo ni saladi.

Mwalimu wa Fizikia

Bibi yuko sahihi, nami naongeza kidogo tu maana nafundisha hapa hapa Mbeya. Mgandamizo wa hewa kwa mita 1,700 ni kama asilimia 80 na ushee ya ule wa pwani. Ndiyo maana maji hapa yanachemka karibu nyuzi 94 badala ya 100, na maharage yanatumalizia mkaa. Kwenye keki inamaanisha unyevu unaondoka mapema zaidi, na katikati panachelewa kufikia joto la kushika wakati gesi imeshafanya fujo zake. Wanafunzi wangu mfano huu wanauelewa kuliko ule wa kitabuni.

Jiko la Kinondoni

Sawa, nimekubali kuhusu mwinuko, sikujua Uyole ni juu hivyo. Ila kwenye unga sikubaliani. Kwangu unasaidia.

Bibi wa Oveni

Endelea kupaka mwanangu, hauui.

Mkulima Kilolo

Habari. Mimi nalima matunda kidogo huku Kilolo, Iringa. Nachangia upande wa shambani maana keki siijui, mke wangu ndiye anayeijua.

Dada, stroberi ukizichuma baada ya mvua kubwa zimejaa maji, utamu umepungua, na zinaota ukungu wa kijivu upesi. Desemba mvua zimeshashika. Ongea na huyo wa viroba azisogeze chini ya bati au azifunike nailoni kama siku nne tano kabla ya siku yako, mizizi apate maji lakini tunda lisinyeshewe. Achume asubuhi umande ukishakauka. Achume nyekundu kamili hadi begani, kwa sababu stroberi ikishachumwa haiongezi utamu, itaongeza wekundu tu na kukudanganya. Usizioshe mpaka dakika ya kutumia. Ukiosha, osha na kikonyo chake, ukishatoa kikonyo kwanza zinakunywa maji.

Forosadi ni kinyume chake, haingoji hata kesho. Tandika shuka safi chini ya mti, tikisa tawi, zilizoiva zitaanguka zenyewe, zisizoanguka ziache. Kila tunda lina kauti ka kijani kanakopita katikati, ukikavuta tunda linapasuka. Kata kwa mkasi. Kama mti wa jirani unaelekea kuisha, chuma sasa hivi, tandaza kwenye sinia zisigusane, gandisha, zikishakuwa ngumu ndiyo utie kwenye mfuko. Ukizijaza mfukoni zikiwa laini utapata tofali.

Plamu kwa kuoka chukua zilizo ngumu kidogo, zinazobonyea ukikandamiza karibu na kikonyo tu. Zilizolainika kula. Pichi utasubiri, nyingi ziko mbele huko baada ya mwaka mpya, za mapema mara nyingi zina mbegu iliyogoma kuachia nyama.

Mwana wa Mafinga

Na makusu je? Msimu ndiyo huu, barabarani wanauza kwa ndoo. Tunda la kwetu kabisa. Keki ya makusu itakuwa historia.

Bibi wa Oveni

Makusu ni ya kunyonya ukiwa kwenye basi, mbegu unatema dirishani. Ukiyatia kwenye keki wageni watavunja meno. Ukitaka, yachuje upate rojo lake, upike na sukari, upake katikati ya keki mbili za vanila. Hapo nitakuunga mkono. Lakini si kwa mteja aliyelipa nusu.

Ndaga Tukuyu

Huku Rungwe kuna vile vitunda vya miiba, vinaota pembezoni mwa msitu na kwenye kingo za mashamba ya chai. Vinaiva vyekundu, vingine vinaenda weusi, ukivivuta vinaacha shimo katikati. Dada, hizo ndizo rasiberi za porini. Sokoni hazifiki, waulize watoto wanaochunga ng'ombe.

BintiUyole

Jamani ndaga fijo, asanteni sana! Sikutegemea yote haya.

Bibi, nimefanya jaribio la visosa. Cha magadi kimegeuka hapo hapo mbele ya macho yangu, watoto wanaomba nirudie. Na kweli vanila nilifundishwa na shangazi yangu wa Igawilo, hajawahi kuoka nje ya mkoa huu.

Sasa naomba unisaidie na haya. Kipimo cha joto cha oveni yangu kimefutika namba na sikiamini, wakati mwingine nyuma kunaungua mbele kuko kweupe. Naweza kuoka kwa sufuria na mkaa? Pili, mayai yangu ni ya kienyeji, manne yanatosha? Tatu, lile rojo linalong'aa linapikwaje bila jelatini, hapa sijaiona. Na kama hutachoka, niandikie vipimo vyako mwenyewe.

Ndaga Tukuyu, nitamtuma mdogo wangu, lakini nahofia atavimalizia njiani.

Bibi wa Oveni

Sijachoka, mvua inanyesha na umeme umekatika, simu ina chaji.

Mayai kwanza, kwa sababu hapo watu hawaangalii. Resipi ya kizungu ikisema yai inamaanisha yai la kisasa, kama gramu 50 bila ganda. La kienyeji mara nyingi halifiki 40. Ukihesabu manne umepungukiwa karibu yai zima, na yai ndilo linaloishika keki. Vunja, pima kwenye mizani, acha kuhesabu.

Keki ya chombo cha duara cha sentimita 22: unga wa ngano gramu 250, siagi 150 iliyolainika lakini isiyoyeyuka, sukari 150, mayai gramu 150 yaliyovunjwa, mtindi mzito nusu kikombe, beking pauda kijiko kimoja na nusu cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, chumvi kidogo, ganda la limao moja lililokwaruzwa. Matunda ya ndani gramu 250 basi, yaani plamu 150 na forosadi 100. Kama forosadi umezigandisha, zitie zikiwa bado mawe. Ukiziacha ziyeyuke zitakuachia maji ya zambarau na keki yote itakuwa na rangi ya jivu.

Piga siagi na sukari mpaka ipauke. Mimi natumia mwiko, nyie na mashine zenu, ila mashine iishie hapo na kwenye mayai. Mayai tia kidogo kidogo, ukiona yanataka kukatika, yaani kujitenga na siagi, tupia kijiko cha unga. Unga na mtindi unavipokezana, unaanza na unga unamaliza na unga, na hapa unageuza kwa mwiko taratibu mpaka unga mweupe usionekane, UNAACHA. Ukiendelea kupiga unatengeneza chapati. Rojo sahihi ukiinua mwiko halimwagiki, linang'ang'ania kwanza halafu linadondoka pande moja zito. Ukiona linatiririka, tia unga kijiko kimoja au viwili kabla hujatia matunda. Mtindi wa huku unatofautiana, ule wa nyumbani wakati mwingine una maji mengi, chuja kwenye kitambaa.

Theluthi ya rojo chini, iliyobaki na matunda juu yake. Vipande vichache vya plamu bakiza upange juu, ganda likiangalia chini, visukume kidogo tu, vitazama vyenyewe kwa kadiri.

Oveni yako. Usiitupe, ijue. Nunua kile kipimo kidogo cha kuning'iniza ndani, kwenye maduka ya vifaa vya keki mjini vipo. Kama hukipati, tandaza vipande vya mkate trei nzima, washa, baada ya dakika kumi utaona kwa rangi wapi kunaungua. Keki igeuze nusu mzunguko ikishashika, kama dakika ya 35, si kabla. Nyuzi 185 hadi 190 kwa muda wa dakika 45 hadi 55. Kijiti kitoke kikavu katikati, lakini kikigusa tunda kitatoka na maji, kwa hiyo choma sehemu mbili tatu.

Mkaa unawezekana, na mimi keki zangu za mwanzo zote zilikuwa za mkaa. Sufuria kubwa zito, mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili, juu yake vijiwe vitatu, ndipo chombo cha keki. Pasha sufuria tupu robo saa kwanza. Mfuniko wa bati uwe bapa. Mkaa mwingi juu ya mfuniko, chini mchache uliokwisha kutulia, si ule unaotoa cheche. Watu wanakosea wanaweka moto mkubwa chini, keki inaungua kitako wakati juu bado uji. Ila kwa keki hii yenye matunda, kama oveni unayo, tumia oveni. Mkaa unataka mtu akae pale pale, na wewe siku hiyo utakuwa na wateja wa oda nyingine wa kupokea.

Rojo la kung'aa: chukua forosadi kama kikombe, chemsha na maji nusu kikombe, chuja kwenye kichujio cha chai ukikandamiza na kijiko mpaka ibaki michanga tu. Upate juisi robo lita, ikipungua ongeza maji. Rudisha motoni na sukari vijiko vitatu vya chakula na juisi ya nusu limao. Konflawa vijiko viwili vya chakula, ikoroge kwanza na maji ya baridi, mimina huku unakoroga. Mwanzoni inakuwa na wingu kama uji wa mgonjwa, usiogope, endelea mpaka ichemke na wingu liondoke, utaiona inapata kioo. Ipoe mpaka uweze kutia kidole, ndipo umwagie kwa kijiko juu ya stroberi kavu. Nimesema kavu. Zikiwa na maji litateleza lote pembeni. Ikipoa kabisa inashika.

Na kabla ya kupanga stroberi paka juu ya keki jemu nyembamba, ile itazuia maji ya stroberi yasishuke kwenye keki. Jemu ya plamu ndiyo nzuri, inaganda yenyewe bila kubembelezwa. Ya stroberi inataka limao, la sivyo inabaki sharubati.

Mkulima Kilolo

Mke wangu amesoma, anasema Bibi ana ruhusa ya kuhamia Kilolo.

BintiUyole

Bibi asante sana, nimeandika yote kwenye daftari. Nimejaribu jana na plamu za kwanza kwanza, chache maana bado bei, na forosadi. Haikubonyea. Imepanda na kutulia, juu imepasuka kidogo tu. Forosadi zimebaki nyekundu ya kuiva, plamu zimekaa katikati isipokuwa vipande vichache. Mume wangu ameikata kabla sijapiga picha.

Stroberi sijaweka bado, namsubiri yule dada, ameshafunika viroba vyake. Swali la mwisho: ibada ni Jumapili asubuhi, nyumbani kwao ni Mbalizi, na bajaji ya kutoka huku mpaka huko ni matuta mwanzo mwisho. Niimalizie kwangu au kwao?

Bibi wa Oveni

Keki oka Jumamosi mchana, lala nayo imefungwa kitambaa safi, usiiweke friji itakauka. Peleka keki peke yake, stroberi kwenye sinia lililotandikwa kitambaa, rojo kwenye kopo. Malizia kwao zikiwa zimebaki saa mbili ikatwe. Rojo likishaganda njiani lipashe kidogo na kijiko cha maji. Beba kisu chako mwenyewe, cha watu hakikati.

BintiUyole

Sawa Bibi. Kopo ninalo, lile la lita moja la mtindi.

Bibi wa Oveni

Halafu sikukuuliza. Bei uliyomtajia ni ya keki ya matunda au ni ile ile ya vanila?

BintiUyole

Ya vanila, Bibi 🙈

Bibi wa Oveni

Mpigie kesho asubuhi. Usimtumie meseji, mpigie. Mweleze bei ya stroberi kwanza, halafu nyamaza yeye ndiye aongee.